Tulipokuwa Tunanusa Oili

Katikati ya miaka ya 1990, mwenye gari la oto pale Tanga alionewa wivu hadi siku giaboksi ilipoanza kumchezea. Kuanzia siku hiyo alionewa huruma. Mafundi wengi walikuwa wamekulia kwenye Land Rover, Bedford na Peugeot 504, na giaboksi waliyoijua ni ile yenye pedali ya klachi chini na mti wa gia mkononi. Walipofungua boneti la Corolla iliyoshuka melini juzi, wakakuta vijibomba viwili vinatoka kwenye giaboksi kwenda kwenye rejeta, na kebo nyembamba inatoka kwenye kabureta kwenda kusikojulikana, walilifunga na kutoa ushauri ambao mji mzima ulikuwa umeuzoea: "Bosi, tuing'oe hii, tukufungie manyuo."

Na wengi waling'oa. Magari mazuri yakatobolewa sakafu, yakaongezwa pedali ya tatu, na giaboksi ambazo pengine shida yao ilikuwa kebo iliyolegea zikaenda kwenye mizani ya wanunuzi wa chuma chakavu.

Nilijifunza kazi Ngamiani, hapo hapo Tanga, kwenye gereji ya mzee ambaye hakuwa na haraka ya kung'oa. Yeye alikuwa amefundishwa Mombasa, na kitu alichokithamini kuliko spana zake zote kilikuwa kitabu cha ufundi cha Toyota, cha Kiingereza, kurasa zimelowa grisi hadi zinapitisha mwanga. Kiingereza chake kilikuwa cha kubahatisha, lakini michoro aliijua kwa moyo. Aliamini kwamba gari lenyewe litakwambia linaumwa nini ukiliuliza kwa mpangilio, na kwamba fundi anayeanza kufungua nati kabla ya kuuliza ni mwizi, hata kama hajui kwamba anaiba.

Alianza na mwenye gari. Lina shida asubuhi likiwa la baridi, au mpaka lipate moto? Linachelewa kula gia likitoka D tu, au hata rivasi? Gia inaingia kwa kishindo, au injini inapiga kelele gari haliendi? Nani aliongeza oili mara ya mwisho, na aliongeza ipi? Halafu lilikuja swali ambalo watu walilikwepa.

"Mama, hili gari limewahi kuvutwa kwa kamba?"

"Kidogo tu, fundi."

"Kidogo kutoka wapi?"

"Muheza."

Mzee alikuwa akishusha pumzi, wala hakumfokea mtu. Giaboksi ya oto ina pampu yake ndani, na pampu hiyo inazungushwa na injini. Ukilivuta gari injini imezimwa na matairi yanayosukuma gari yako chini, vyuma ndani vinazunguka bila oili kuvifikia. Kutoka Muheza hadi Tanga mjini ni mwendo wa kutosha kuunguza kila kitu. Hapo mashine ya aina yoyote, ya zamani au ya leo, isingekwambia zaidi ya yale aliyokwisha kusema yule mama.

Baada ya maswali, oili. Hili tulifundishwa kama watoto wanavyofundishwa kutawadha. Gari liende kwanza hadi lipate moto, liegeshwe pahali sawa, injini ikiwa inaunguruma mkono upitishwe taratibu kutoka P hadi L na kurudi P, ndipo uchomoe dipstiki. Aliyepima injini imezimwa alirudishwa kuanza upya, isipokuwa kwa Honda, ambazo utaratibu wake ni kuzima kwanza na kupima mara tu baada ya kuzima. Kitambaa cha kufutia lazima kiwe cheupe. Gereji nzima ilikuwa nyeusi tii, lakini kitambaa kile kilifuliwa kila jioni, kwa sababu hukumu yote ilikuwa kwenye rangi. Nyekundu inayopitisha mwanga, giaboksi ni nzima au ugonjwa uko nje yake. Kahawia yenye harufu ya maharage yaliyoungulia chunguni, pleti za klachi zimeungua. Pinki nzito yenye povu, maji yameingia.

Hiyo ya pinki tuliiona mara nyingi kuliko ilivyostahili, na sababu yake ilikuwa ya kipwani. Oili ya giaboksi hupozwa kwa kupitishwa kwenye kibomba kilichomo ndani ya tangi la rejeta. Watu walijaza rejeta maji ya kisima, yale ya Tanga yenye chumvi, mwaka nenda mwaka rudi. Chumvi ikala kibomba, maji na oili vikakutana. Maji hulegeza gundi inayoshikilia pleti za klachi, zikaanza kubambuka. Mwenye gari alikuja akilalamika kwamba Wajapani wanatuuzia giaboksi mbovu, kumbe giaboksi imeuawa na ndoo ya maji.

Kisha ile kebo. Katika magari ya wakati ule, kebo iliyounganisha kabureta na giaboksi ndiyo iliyoieleza giaboksi umekanyaga moto kiasi gani, ili ijue ibadilishe gia lini na ibane klachi kwa nguvu ipi. Kitabu kilitaka moto ukikanyagwa hadi mwisho, nafasi kati ya kipira cha ala ya kebo na kile kikomo kidogo kwenye waya iwe kati ya milimita 0 na 1. Ikilegea, gia hubadilika mapema, tena kwa kuteleza, na pleti huungua polepole bila dereva kujua. Ikikazwa mno, gia huchelewa na kuingia kwa kishindo. Marekebisho yenyewe ni nati mbili za spana ndogo. Nimeona magari yakiletwa kwa ajili ya kung'olewa giaboksi yakaondoka jioni ile ile, nati mbili zimesogezwa, mwenye gari akiamini kwamba mzee ana dawa.

Kama hapo ugonjwa haujapatikana, gari lilitoka barabarani kuelekea Pongwe na kurudi, redio imezimwa, mimi kwenye kiti cha nyuma nimeinamisha sikio. Tukirudi kulikuwa na jaribio la saa ya mkononi: injini inaunguruma, mkono unatoka N kwenda D, unahesabu hadi usikie gari likistuka kidogo. Kitabu kilisema isizidi sekunde 1.2 kwa D na 1.5 kwa rivasi. Likichelewa, shinikizo la oili liko chini au klachi imekwisha. Likistuka kupita kiasi, mzee alitazama kwanza mauntini za injini. Mauntini ikikatika, injini hurushwa mahali pake kila gia inapoingia, na kishindo chake ni kile kile cha giaboksi mbovu. Raba moja chakavu imewahi kuwagharimu watu wengi giaboksi nzima.

Jaribio la mwisho kabla ya kufungua ndilo lililotutia hofu. Mawe mbele na nyuma ya matairi yote manne, breki ya mkono imevutwa, mguu wa kushoto umekandamiza breki, watu wote wasimame pembeni, kisha D na moto hadi chini. Isizidi sekunde tano, maana nguvu yote ya injini inageuka joto ndani ya oili. Unasoma mshale wa mizunguko ya injini ulipogota. Kitabu kina namba yake kwa kila injini, na kwa Toyota nyingi ndogo za wakati ule ilikuwa elfu mbili na mia kadhaa. Mshale ukipita namba hiyo kwenye D lakini rivasi iko sawa, klachi ya kwendea mbele inateleza. Ukipita kote kuwili, shinikizo la oili ni dogo, na kosa liko kwenye pampu, kwenye chujio lililoziba, au kwenye oili yenyewe kupungua. Usipoifikia kabisa, ama injini haina nguvu, ama kuna kitu kimekufa ndani ya konveta, ile ngoma inayokaa kati ya injini na giaboksi. Kwa sekunde tano, bila kufungua nati hata moja, umejua ugonjwa uko chumba gani. Hadi leo sijaona uzuri unaozidi huo katika ufundi.

Sampu, bakuli la oili chini ya giaboksi, ilifunguliwa mwishoni. Ndani yake Wajapani huweka sumaku ndogo. Tope laini la kijivu kwenye sumaku ni uzee wa kawaida. Chembe za chuma zinazometameta, au vipande vyeusi vya pleti, ni habari mbaya, na hapo tu ndipo mzee alipotamka neno "kushusha".

Magari yenye kompyuta yalipoingia, tulidhani mwisho wetu umefika. Haukuwa mwisho. Kwenye dashibodi kulikuwa na taa imeandikwa O/D OFF, na giaboksi ikiona kosa kwenye umeme wake taa ile huwakawaka yenyewe. "Fundi, taa inanikonyeza," walisema wateja. Chini ya boneti kulikuwa na kiboksi cheusi chenye kifuniko. Unaunganisha matundu mawili, TE1 na E1, kwa kipande cha waya, unawasha swichi bila kuwasha injini, na taa inaanza kuhesabu. Mikonyezo minne, kimya, miwili: 42, sensa ya mwendo. Sita na mbili: 62, selenoidi (valvu ya umeme) ya kwanza. 63 ya pili. 64, selenoidi ya kufungia konveta. Taa ikiwaka na kuzima mfululizo bila kupumzika, kompyuta haina lalamiko. Tulikaa watatu kwenye gari tukihesabu kwa sauti, kila mmoja na hesabu yake, tukagombana, tukarudia.

Lakini hata namba ilipopatikana, mzee hakununua kitu. Alichomoa soketi akaipima selenoidi kwa mita: ikiwa ya baridi isome kati ya omu 11 na 15. Ikisoma hivyo, selenoidi ni nzima na ugonjwa uko kwenye waya. Na kwenye waya ndiko ulikokuwa mara nyingi, kwa sababu kuna panya, kuna kutu, na kuna vijana wa kuosha magari wanaomwaga maji ya presha juu ya injini kana kwamba wanazima moto.

Sasa niseme la leo. Mashine za kupimia zimejaa. Tangu Marekani ilipolazimisha soketi ya OBD-II kwenye magari madogo ya mwaka wa 1996 na kuendelea, na nchi nyingine kufuata kwa njia zao, kifaa cha kusomea kimekuwa kidogo hadi kinaingia kwenye mfuko wa shati na kuzungumza na simu. Kijana wa gereji anayo simu hiyo. Anachomeka chini ya usukani, anasubiri, anakuonyesha kioo: P0700. "Giaboksi imekufa, bosi."

P0700 haisemi hivyo. Ni kompyuta ya giaboksi kuitaarifu ile ya injini kwamba ina lalamiko, basi. Lalamiko lenyewe liko kwenye kompyuta ya giaboksi, na kifaa cha bei rahisi mara nyingi hakifiki huko, hasa kwenye magari yaliyotengenezwa kwa soko la ndani la Japani, ambayo ndiyo tunayoendesha. Hata ikija namba iliyo wazi zaidi, kama P0741 ya konveta kushindwa kujifunga, kosa linaweza kuwa oili chakavu, selenoidi, waya au konveta. Namba imekutajia mtaa, nyumba ukatafute mwenyewe. Kazi ya kutafuta nyumba ndiyo iliyokufa.

Niliwahi kudhani aliyeiua ni hiyo mashine. Siku hizi sidhani. Mwenzangu tuliyejifunza naye Ngamiani ana duka Dar es Salaam, Ilala, na duka lake limepangwa giaboksi kutoka sakafuni hadi darini, zimeandikwa kwa chaki: Ist, Noah, X-Trail, Mark X. Zinakuja kwenye makontena kutoka Japani na Dubai, nyingine zikiwa bado zimeshikana na injini zake. Nilimuuliza kama bado anafanya lile jaribio la mawe.

Akacheka. "Kaka, mteja hanunui maneno. Nikikaa na gari lake siku mbili nikamwambia ni waya, nimchaji ngapi? Atasema nimemuibia. Nikimfungia giaboksi, anaiona kwa macho, analipa, anashukuru."

Sikuwa na jibu la haraka. Mzee wetu alikuwa na uvumilivu, ndiyo, lakini pia hakuwa na njia nyingine. Giaboksi ya pili haikuwepo Tanga. Ilibidi kuagiza Dar au Mombasa, kwa bei iliyokaribia nusu ya gari, na ungeweza kungoja miezi. Uhaba ulitulazimisha kuuliza kwa nini. Makontena yalipofika, swali hilo likawa ghali kuliko jibu. Fundi analipwa kwa kushusha na kupandisha, halipwi kwa kufikiri, na sisi wenye magari ndio tuliopanga bei hiyo.

Hasara yake inakuja taratibu. Giaboksi ya mtumba inafungwa, na bomba za kupozea zinaunganishwa kwenye rejeta ile ile, bila kuoshwa, zikiwa na chembe na masizi ya ile iliyokufa. Siku ya kwanza tu oili mpya inayarudisha yote ndani. Kama ile ya kwanza iliuawa na maji ya rejeta, hii nayo itakunywa maji hayo hayo. Kama ugonjwa ulikuwa mauntini, kishindo kitarudi kabla mteja hajafika nyumbani, naye ataambiwa amepewa "boksi mbovu", arudi abadilishiwe. Nimewajua watu waliobadilisha giaboksi ya pili na ya tatu kwa ugonjwa ambao haukuwahi kuwa kwenye giaboksi.

Sitaki kuipamba zamani kupita kiasi. Tulipokuwa na oili moja tu nyekundu, Dexron, tuliitia kila mahali, na kwa magari yale haikudhuru sana. Mazoea hayo yakaja kuua. Giaboksi za CVT, zinazotumia mkanda wa chuma kati ya puli mbili badala ya gia, zinataka oili yake maalumu. Ukiitia Dexron, mkanda unateleza kwenye puli, na puli ikishachubuka hakuna fundi wa Ngamiani wala wa Tokyo atakayeirudisha. Nissan na Honda ngapi zimekufa hivyo miaka ya 2000, mikononi mwa mafundi wazuri wa kizazi changu, sijui nani angeweza kuzihesabu. Toyota nyingi za sasa hazina hata dipstiki: oili hupimwa kwa kufungua nati chini ya giaboksi wakati joto lake liko kwenye nyuzi 35 hadi 45 hivi, ikiwa ya baridi au ya moto zaidi kipimo ni uongo. Pua haisaidii hapo. Na mashine nzuri, ile inayoingia kwenye kompyuta ya giaboksi yenyewe, inakuonyesha gari likipanda mlima Kitonga joto la oili, kasi ya shafti inayoingia na inayotoka, na klachi inayoteleza kwa kiasi ambacho sikio langu kwenye kiti cha nyuma lisingekisikia kamwe. Mzee angeipenda mashine hiyo. Angeifutia vumbi kwa kile kitambaa cheupe.

Wapo vijana wanaoitumia hivyo, na nikikutana nao huona haya ya kuwasema wenzao. Wanasoma namba, wanapima waya, wanatoka na gari barabarani, wanafungua sampu kabla ya kusema. Ni wachache, na wanakula kidogo kuliko wenye maduka ya boksi.

Kwa hiyo wewe mwenye gari, ukiambiwa giaboksi imekwisha, mwambie fundi utamlipa kwa kupima, na utamlipa hata kama ugonjwa ni waya. Taka uone oili kwenye kitambaa cheupe, na sampu ifunguliwe ukiwa umesimama hapo. Usifiche kwamba gari lilivutwa. Na kama kweli lazima ibadilishwe, bomba za kupozea na rejeta visafishwe au vibadilishwe kabla boksi jipya halijawashwa, na oili iwe ile iliyoandikwa na mtengenezaji. Fundi asiyekubali masharti hayo, chukua ufunguo wako uondoke.